Kipa Aliyeteleza Kampala

Nairobi
14 Novemba 1965

Mpwa wangu Matano,

Salamu nyingi zikufikie hapo Msambweni, wewe na mama yako na kila anayesimama mlangoni kwenu kuulizia habari zangu. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku hainionei huruma. Asubuhi vidole havishiki sindano mpaka nivipashe moto kwenye jiko la jirani yangu Syovata, mama wa Kikamba anayeuza chai, naye hunicheka akisema Mungu alipotuumba watu wa pwani alisahau kututia damu ya kutosha. Nimesikia mguu wa mama yako umevimba tena. Mwambie dada yangu aache ukaidi, ndoo za maji zibebwe na wenye miguu mizima.

Sasa nianzie wapi? Tulipanda treni pamoja kule Kampala, wachezaji, mwalimu wa timu, na mimi fundi viatu na sanduku langu la njumu. Tulipofika Nairobi nikashuka, nikageuka kukupokea mzigo, kumbe wewe umejikunja pale pale kitini, ukaendelea na treni hadi Mombasa. Hukuniaga mimi, mjomba wako niliyekutoa kwenye uwanja wa mchanga nikakufikisha timu ya taifa. Nilitaka kukasirika, nikashindwa.

Magazeti hayajanyamaza. Nchi ina miaka miwili tu tangu ipate uhuru wake na kila mtu alilitaka lile kombe lije nyumbani. Tulihitaji sare tu katika mchezo ule wa mwisho, na wapinzani wakatufunga zikiwa zimebaki dakika chache. Kamati imemfukuza mwalimu, na sasa wanasema timu itabomolewa na kujengwa upya kutoka chini. Nani atabaki na nani ataondoka, hakuna ajuaye.

Kuhusu bao lenyewe naona tusilizungumze. Mvua ilinyesha, uwanja ulikuwa matope matupu, basi. Tuzungumze ya heri. Idd ikipita nitakuja mwenyewe, twende Bodo kwa Abdurahman tukapeleke posa. Mjomba wako yuko hai, hutaposewa na mtu mwingine. Mwambie binti wa watu avute subira kidogo.

Mjomba wako,
Kombe


Msambweni
5 Desemba 1965

Kwa Mjomba Kombe,

Shikamoo, Mjomba. Barua yako niliipokea kwa furaha na mama alitaka nimsomee mara mbili, mara ya pili kwa ajili ya yale maneno ya Syovata na damu. Amecheka sana. Mguu wake una nafuu, ndoo bado anabeba. Anakusalimu na anauliza kama unakula vizuri au unashindia chai.

Naomba unisamehe kwa kutokuaga. Nilijua nikishuka Nairobi nitakutana na watu wenye maswali, na mimi sikuwa na majibu ya kuwapa. Sasa nimepata kibarua Ramisi, nakata miwa. Mikono imechubuka, lakini nimezoea. Jumapili nakwenda uwanjani kutazama wenzangu. Wananiuliza kwa nini sikuruka. Mpira wenyewe haukuwa mkali, hata wao wamesikia redioni kwamba haukuwa mkali. Nawaambia uwanja ulikuwa na utelezi. Wananitazama, kisha wanazungumza mambo mengine.

Nina ombi dogo. Njumu zangu zilibaki katika sanduku lako. Ukimpata mtu anayekuja pwani, nitumie. Hata kama zimeharibika nitumie hivyo hivyo, nitazitengeneza mwenyewe.

Kuhusu Bodo, ahsante, Mjomba. Tutakungoja.

Mpwa wako,
Matano


Nairobi
30 Januari 1966

Mpwa wangu,

Idd njema, ingawa imepita na nimechelewa. Nilitaka kuja, Mungu ni shahidi, na sanduku nililifunga, nikalifungua. Kazi ni nyingi mno. Mwambie mama yako nimemnunulia leso nzuri ya rangi ya zambarau na nitamletea kwa mkono wangu.

Sasa sikiliza habari za huku, maana zinakuhusu. Kamati imeleta mwalimu mpya, Bwana Muthoka. Mtu mrefu, mkavu, haongei ila akiwa na la kusema. Siku ya kwanza alitukusanya sote, hata mimi na mfua jezi, akasema yeye hakuwako Kampala na hataki kuhadithiwa. Ataita vijana kutoka kila jimbo, kila Jumamosi awapambanishe, na mwezi wa tano atasoma orodha ya timu mpya. Lakini wa zamani hajawafungia mlango. Kila mchezaji wa Kampala amwandikie barua kwa mkono wake, aeleze nini kilichoharibika siku ile na yeye alihusika vipi. Barua zimfikie kabla ya mwisho wa Machi. Asiyeandika, ameaga. Anasema hawezi kujenga timu juu ya jambo ambalo watu wamelifunika.

Basi andika, Matano. Nafasi yako bado iko. Wamemleta kipa kijana kutoka Machakos, Kiilu, ana mikono mizuri ila hajui kupanga mabeki wake. Wewe una miaka ishirini na minne, nafasi kama hii haitakungoja mpaka uote mvi.

Huku jua limekuwa kali ghafla na Syovata sasa ndiye anayelalamika, nami namcheka mpaka anatishia kuninyima chai. Wasalimie wote.

Mjomba wako,
Kombe


Msambweni
20 Februari 1966

Kwa Mjomba Kombe,

Shikamoo. Sisi hatujambo kwa mwili. Mihogo imekubali, na paka wa mama amezaa ndani ya kapu la ufuta, ugomvi haujaisha mpaka leo.

Lazima nikueleze jambo ambalo mama amenikataza kukueleza. Wiki iliyopita alikwenda harusini Bodo. Wanawake wa kule wametunga wimbo. Wanasema nyumba walimpa mtu ailinde, naye akalala matopeni na mwizi akapita juu yake. Jina hawakulitaja, lakini walipofika hapo walimgeukia mama na kupiga vigelegele. Alitoka kabla ya pilau kupakuliwa, na sehemu kubwa ya njia alikuja kwa miguu, na mguu wenyewe unaujua. Alipofika akaniuliza kitu kimoja tu, "Mwanangu, uliogopa?" Nikamwambia sikuogopa. Akasema, "Basi ilikuwaje?" Nikanyamaza. Tangu siku hiyo harusi hataki kuzisikia.

Abdurahman naye ametuma neno kwamba posa haina haraka, binti yake bado mdogo. Binti yake ana miaka ishirini. Ramisi wana timu, na wamenichukua, lakini wamenitia beki. Langoni hawanitaki.

Sasa kuhusu barua ya Bwana Muthoka. Nimekaa na karatasi siku nne. Niandike nini, Mjomba? Mimi nilikuwa langoni, na mtu aliye langoni hajioni mwenyewe. Wewe ulikuwa kando ya uwanja, na wakati wa mapumziko tulizungumza mimi na wewe. Nambie ulivyoona, nami nitaandika hivyo hivyo, sitaongeza wala kupunguza.

Katika barua yako umenijibu kila kitu isipokuwa njumu. Labda ulisahau.

Mpwa wako,
Matano


Nairobi
13 Machi 1966

Mpwa wangu Matano,

Naandika kwa haraka, nisamehe. Mimi ni mzima. Habari ya wimbo imenichoma moyo. Mwambie dada yangu watu wana midomo na hawana kazi, na wimbo wa harusi huishi mpaka harusi nyingine.

Barua ya mwalimu andika wewe mwenyewe. Mimi ni fundi viatu, mambo ya mpira siyajui. Andika ukweli unaoujua.

Mtu wa kuja pwani sijampata.

Mjomba wako,
Kombe


Msambweni
27 Machi 1966

Kwa Mjomba Kombe,

Shikamoo. Mama anakusalimu. Mvua za masika zinakaribia na tumeezeka upande wa jikoni.

Nimemwandikia Bwana Muthoka. Barua nimeipeleka posta jana kwa mkono wangu, itamfikia kwa wakati. Usiwe na wasiwasi wowote, Mjomba. Fanya kazi zako.

Matano


Nairobi
17 Aprili 1966

Mpwa wangu Matano,

Leo sina salamu ndefu. Mama yako umsalimu ukishamaliza kuisoma barua hii, ikiwa bado utakuwa na hamu ya kumfikishia salamu zangu.

"Usiwe na wasiwasi wowote, Mjomba." Maneno hayo nimetembea nayo wiki mbili na zaidi. Nikipiga msumari nayasikia. Nikinywa chai nayasikia. Ungenitukana ningepumzika, lakini wewe umenituliza, na mtu hatulizwi ila anayejulikana kwamba ana lake. Kwa hiyo unajua. Naona ulijua tangu siku ile, na mimi nimekuwa nikikuandikia habari za Syovata na baridi.

Acha niseme yote, hata unayoyajua.

Unajua nilivyolelewa Mkwiro, kwa babu yako, kwenye vyombo vya baharini. Tangu utoto wangu nilimwona akipaka mbao mafuta ya papa, na mbao iliyopakwa haipitishi maji. Tulipoambiwa Kampala kuna mvua, mafundi wenzangu wa bara wakatia nta kidogo juu ya ngozi, basi. Mimi nikawacheka. Nikasema hawa watajua nini habari ya maji? Nikatoa debe langu la mafuta ya papa, nikazilaza soli za njumu zako humo siku tatu. Zako tu, kwa sababu wewe ni damu yangu na nilitaka uwe na zilizo bora kuliko za wote. Zikawa laini, zikapendeza, nikajisifu peke yangu. Sikufikiri kwamba chini ya soli mimi nimepigilia yale meno ya ngozi kwa misumari, na msumari hauna pa kushika katika ngozi iliyoloa mafuta. Mbao ni mbao. Ngozi ikishiba mafuta inakuwa kama uji.

Hilo lilikuwa kosa la fundi, na kosa la fundi husameheka. La pili ndilo lisilonipa usingizi.

Wakati wa mapumziko ulinijia, ukainua mguu wa kulia, ukasema, "Mjomba, kiatu hiki kinacheza." Nikakiinamia. Meno matatu yalikuwa yamekwisha kung'oka, la nne linaning'inia. Nyundo nilikuwa nayo. Njumu nyingine za saizi yako zilikuwamo sandukuni, kavu, hazijaguswa na mafuta. Ningekuvua na kukuvisha kabla filimbi haijapigwa. Lakini mwalimu wa zamani alikuwa amesimama nyuma yangu pale pale, na asubuhi yake nilikuwa nimemwambia mbele ya watu kwamba viatu kama vya Matano havijapata kutengenezwa katika nchi yetu. Nikaona haya kukigeuza kiatu akaona soli. Nikakufuta matope kwa kitambaa, nikakupiga begani, nikasema, "Ni matope tu, nenda kacheze."

Ukaenda. Ulikwenda kwa sababu aliyekuambia ni mjomba wako. Mpira ulipokuja ulipiga hatua mbili, mguu wa kulia ukakuponyoka, ukaanguka chini kabla hujaruka. Uwanja mzima ulikuona ukianguka, na mimi peke yangu nilijua kwa nini.

Kesho asubuhi nakwenda kwa Bwana Muthoka kumwambia. Ningefanya hivi Novemba. Nisamehe, na kama huwezi, usinisamehe.

Kombe


Nairobi
22 Mei 1966

Mpwa wangu Matano,

Sijapata neno lako, na sijui kama barua yangu ya Aprili ilikufikia. Hapa wanasema mvua imebeba daraja huko kwetu na mifuko ya posta imelala Likoni. Nakuandikia hata hivyo, kwa sababu orodha imesomwa jana.

Nilikwenda kwa Bwana Muthoka kama nilivyokuahidi. Nilimkuta amekaa juu ya benchi anakagua mipira. Nikamweleza yote, mafuta, misumari, mapumziko, nilivyokwambia ni matope. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua mkoba wake, akatoa barua, akanipa nisome.

Ulikuwa mwandiko wako. "Njumu zangu zilikuwa nzima na fundi wetu alifanya kazi yake vizuri. Niliuona mpira, nikaogopa kugongana na yule fowadi, nikachelewa kutoka langoni. Kosa ni langu peke yangu."

Nikamwambia huu ni uongo. Nikamwambia kijana ananikinga mimi. Akatabasamu, na mtu yule hatabasamu ovyo. Akasema, "Mzee Kombe, wacha hiyo maneno. Mtu anaweza kujiandikia woga na hakuwa na woga? Wewe ni mjomba yake, unataka abaki kwa timu. Mimi nakuheshimu kwa hiyo." Nikaapa. Akaniuliza, "Hizo viatu ziko wapi? Leta nione."

Matano, njumu zako hazipo. Nilizitia moto mwezi wa Desemba, siku ile ile niliyopokea barua yako uliyoziulizia. Nilizichoma nyuma ya jiko la Syovata, na akanifokea kwa ile harufu. Ndiyo maana Januari sikukujibu, na Machi nikasingizia kukosa mtu wa kuja pwani. Nilisimama mbele ya mwalimu mikono mitupu. Akanishika mkono, akasema twende kazini.

Yangeishia hapo ningesema nimekoma. Lakini jana, kabla ya kusoma orodha, aliwasimamisha vijana wote katikati ya uwanja, akaniita mbele. Akawaambia, "Nataka timu yenye moyo kama wa huyu mzee. Alikuwa tayari kuchafua jina lake mwenyewe ili amwokoe mwenzake. Hiyo ndiyo timu tunajenga." Wakanipigia makofi. Kiilu akaja kunipa mkono kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa. Nilisimama pale nikaupokea, kwa sababu ningesema nini? Nilishasema, na kila nikisema tena ndivyo wanavyozidi kuniona mwema.

Kisha akasoma majina ishirini na mawili. Lako halimo. Kuhusu wewe alisema tu kwamba anakushukuru kwa kusema kweli, na kwamba kipa mwenye woga hawezi kumweka langoni.

Timu mpya imeanza hivyo. Na mimi ndiye ninayepigilia viatu vyake.

Mjomba wako,
Kombe


Msambweni
12 Juni 1966

Kwa Mjomba Kombe,

Shikamoo, Mjomba.

Barua zako mbili zimefika siku moja, baada ya daraja kutengenezwa. Nilizisoma kwa zamu, ya Aprili kisha ya Mei, nimekaa pembeni mwa shamba la miwa wenzangu wakila. Mama ni mzima na hajui kitu.

Ni kweli, nilijua. Nilijua kabla hujaniambia ni matope. Mguu wangu mimi ndiye niliyekuwa nao, na matope hutoka ukigonga kisigino chini, lakini kiatu kile kiliendelea kucheza. Sikukuonyesha kiatu ili uniambie kina nini. Nilikuonyesha nikidhani utanivua.

Umeniuliza moyoni mwako, najua, kwa nini niliandika vile. Mimi nilikuuliza niandike nini. Niliuliza waziwazi, Mjomba, kwa adabu yote niliyofundishwa. Ungeniambia neno moja tu, "njumu", ningeandika njumu na ningeandika vizuri, kwamba mafuta yalikuwa ya mapenzi na kosa ni la bahati mbaya. Ukanijibu mambo ya mpira huyajui. Hapo nikaelewa kwamba hutaki. Na mimi sikuweza kukushitaki kwa watu wa mbali, wewe uliyenibeba mgongoni, utakayesimama kwa Abdurahman kusema mimi ni mtu. Nikiliondoa jina lako katika jambo lile, linabaki langu. Sikuwa na la tatu la kuandika.

Sasa acha niseme na mimi, na unisamehe kama sauti yangu itapanda. Mafuta ya papa sina kinyongo nayo. Hata ya mapumziko, nimekaa nayo nikaelewa, maana haya ni kitu kibaya. Lakini miezi mitano, Mjomba! Miezi mitano unaniandikia habari za chai. Ungesema Januari, mwalimu angeisikia kwako kwanza, na mimi leo ningekuwa Nairobi. Hilo linaniuma na sitakuficha. Nimelia, mtu mzima, kwenye miwa.

Nairobi imekwisha. Usirudi tena kwa Bwana Muthoka, atakupa nishani. Na usiache kazi kwa ajili yangu, kwa sababu yule Kiilu hakukosa kitu na anahitaji viatu vinavyoshika. Mpigilie vizuri, kwenye ngozi kavu.

Ninachotaka kwako ni kingine. Mama aliniuliza kama sikuogopa basi ilikuwaje, nikanyamaza, na ananyamaza nami mpaka leo. Anadhani amezaa mtu mwoga na ananipenda hivyo hivyo, ananipakulia samaki mkubwa, na kila anaponipakulia natamani ardhi ipasuke. Siwezi kumwambia, kwa sababu anayetajwa ni ndugu yake wa tumbo moja. Bwana Muthoka hakukuamini kwa kuwa hakujui. Mama atakuamini. Akishajua yeye, Bodo watajua kabla ya adhuhuri, wala huna haja ya kwenda kusimama uwanjani.

Njoo umwambie wewe.

Mpwa wako,
Matano


Nairobi
24 Juni 1966

Mpwa wangu Matano,

Salamu kwako. Barua yako nimeipata jana na nimeisoma kama nilivyostahili kuisoma.

Nimeomba ruhusa ya siku kumi. Bwana Muthoka amenipa na akaniambia nikusalimu. Kiilu nimemwachia jozi mbili, na kila jino nimelivuta kwa koleo kabla ya kumkabidhi. Nashika treni Jumatano, nitakuwa kwenu Alhamisi jioni, Mungu akijalia, kabla ya Maulidi.

Nilifikiri nimwandikie dada yangu kwanza, ili nitakapofika awe ameshalia na hasira zimepungua. Nilikaa nikaandika nusu ukurasa, nikaona huo ni ule ule ujanja wangu wa kutanguliza karatasi mahali pa kwenda mwenyewe. Nimeuchana. Mwambie nakuja tu, usimwambie kwa sababu gani. Nitamwambia ana kwa ana, nimekaa chini, yeye amekaa kitini.

Tutakapomaliza nitakwenda Bodo, na sitaanza na posa. Nitaanza na Kampala.

Nina ombi moja kwako, nalo ni zito kuliko unavyodhani. Mama yako Mbeyu akianza kunifokea, na atafoka, nimemjua tangu hana meno, wewe utataka kuingia kati. Utataka kumwambia mjomba hakukusudia, mjomba alikuwa na haya, mjomba ni mtu mzima. Kaa nje, Matano. Hata ukisikia nalia, usiingie.

Usinitetee tena.

Mjomba wako,
Kombe